Rukaya na Vitamini za Mumewe

"Usimshike mtoto! Badawy, mwache! Una ukimwi wewe!"

Maneno hayo yalimtoka Rukaya mbele ya watu, kwenye akika ya mtoto wa shoga yake Nasreen, Champlin, Minnesota. Ilikuwa Julai, mwaka 1997.

Sebule nzima ikageuka kumtazama.

Yaani hata watoto waliokuwa wakikimbizana kwenye ngazi walisimama!

Farhan, mume wa Nasreen, ndiyo kwanza alikuwa amemweka binti yake mikononi mwa Badawy, rafiki yake wa tangu Malindi. Nasreen akaruka kutoka alipoketi, akamnyakua mwanawe kama anamtoa motoni.

Badawy aliitazama mikono yake mwenyewe. Migongo ya viganja ilikuwa imekuwa myeusi, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Akamtazama mkewe.

"Ruki..." alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu?"

Kisha akatoka.

Pale mlangoni, kwenye lundo la viatu vya wageni, aliingiza mguu mmoja kwenye champali yake. Nyingine akaiacha. Akaenda zake hivyo hivyo kwenye lami ya jua kali, mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu... na hakujua!

Rukaya aliona. Wanawake waliokuwa dirishani waliona. Mmoja akacheka kidogo, halafu akajiziba mdomo.

Jamani, naomba mnisome taratibu. Haya si ya kubuni kichwani kwangu, wenyewe wawili wamenikalia kitako wakanisimulia, na wamekubali majina yao yatajwe. Kwa nini wamekubali, mtajua mwishoni.

Turudi nyuma kidogo.

Rukaya alikuwa mtoto wa Mombasa, Badawy wa Malindi. Walioana wakiwa wadogo, wakaja Marekani Badawy alipopata nafasi ya chuo. Walikaa apatimenti moja Coon Rapids. Asubuhi Badawy anasoma, jioni anafanya shifti kwenye ghala kule Shakopee, anapakia maboksi. Chakula chake? Ugali na chai. Hana muda wa zaidi, na akipikiwa wali samaki anakuta umepoa, anasinzia mezani.

Rukaya aliuza viatu dukani. Kusimama mchana kutwa, kucheka na wateja.

Sasa shida yake ilikuwa uso. Tangu waje kwenye ile baridi, chunusi zilimjaa mashavuni na kidevuni. Kila mteja akimwangalia, yeye anahisi anahesabiwa chunusi. Alijaribu sabuni, liwa aliyotumiwa kutoka nyumbani, krimu za kila rangi. Wapi!

Siku moja, mwezi wa Februari, alifungua kabati la bafuni akaona chupa mpya ya vidonge. Imeandikwa vitamini B6, na jina la Badawy.

Na wiki hiyo hiyo alikuwa amesoma kwenye gazeti la urembo, pale saluni, kwamba vitamini za B zinasafisha ngozi.

"Huyu mwanamume vitamini za nini?" alijisemea. "Uso wake unateleza kama yai."

Akameza kimoja.

Kesho yake viwili.

Baada ya muda akawa anameza vitatu, siku nyingine vinne. Kimya kimya! Hakumwomba mwenyewe, hakumuuliza. Na wallahi, kwenye kioo aliona mabadiliko. Au alitaka kuyaona, si unajua kioo tena.

Nasreen alimwambia siku moja kwenye simu, "Shoga, nilikuona msikitini. Uso unang'aa! Unapaka nini?"

"Maji tu, shoga."

Alicheka peke yake. Ajabu moja hakuijali: ile chupa ilikuwa haiishi. Aliona ni bahati yake tu.

Basi. Kufika Mei, Badawy akaanza kubadilika.

Alianza kulalamika miguu inamwaka moto. Akirudi kazini anaiweka kwenye beseni la maji baridi na kufumba macho.

"Ni kusimama tu, Ruki. Itapoa."

Haikupoa. Akaanza kujikwaa kwenye zulia. Tumbo likawa linamwendesha. Mwili ukapungua, suruali akaikaza kwa mkanda wa kamba. Ngozi ya shingo na mikono, pale panapopigwa na jua, ikaanza kuwa nyeusi na kubanduka. Na akili nayo... Siku moja alitumwa maziwa dukani, akarudi mikono mitupu, akamuuliza mkewe, "Umenituma nini?"

Nyinyi mnaokumbuka miaka ile mnajua. Mtu akikonda, akiharisha, akitoka na ngozi ile... hakuna aliyeuliza mara mbili. Jina lilikuwa moja tu, na lilisemwa kwa kunong'ona.

Rukaya alianza kutenga kikombe chake. Halafu sahani. Halafu akahamia kulala sebuleni, akasema ni mgongo.

Badawy aliona yote.

Kisha likaja gari moja jekundu.

Rukaya yuko dirishani, anamwona mumewe anashushwa nje ya apatimenti na mwanamke wa Kizungu. Nywele za njano, anacheka, anashuka kabisa kumfungulia mlango! Badawy anamshika bega ili asimame.

"Nani yule?"

"Stacy. Tuko naye kazini. Ananipa lifti."

"Na gari lako lina nini?"

Badawy akasita. "Sijisikii ku-drive siku hizi."

"Hujisikii?"

"Ruki, nimechoka. Tafadhali."

Uongo ulioje! Hivyo ndivyo alivyofikiri Rukaya. Akachukua ufunguo, akashuka paking, akalipekua gari la mumewe lote. Na chini ya tairi la spea akakuta chupa ya vidonge iliyoviringwa ndani ya kitambaa. Lebo imebanduliwa.

Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga.

Dawa za siri. Mwanamke wa siri. Ugonjwa ule. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake kama vile ameambiwa na mtu.

Akairudisha chupa palepale.

Na hapa kuna jambo ambalo Rukaya akilisimulia mpaka leo anainamisha uso. Siku chache kabla ya akika, Stacy alipiga simu nyumbani.

"Wewe ni mke wa Badawy? Samahani kukusumbua. Naona hasemi, lakini mumeo hahisi miguu yake. Siku za mwisho alipokuwa bado anaendesha, alikanyaga breki ya gari asijue kama amekanyaga. Ndiyo maana mimi na mume wangu tunampa lifti. Anahitaji daktari, dada. Mlazimishe."

Rukaya alimsikia vizuri sana.

"Usipige tena hapa!" akamwambia, akakata simu.

Basi ndiyo siku ile ya akika ikafika, na alipoona ile mikono inayobanduka imembeba mtoto mchanga, hasira na hofu vikamtoka kwa pamoja.

Mnajua kilichotokea.

Badawy alipotoka, wanawake walimzunguka Rukaya. Wakamkumbatia. Wakampa maji.

"Pole, mwanangu. Umevumilia mengi."

"Na wewe ukapime, usikae hivi hivi."

"Wanaume! Wote ni wale wale."

Nisifiche ukweli. Rukaya alijisikia nafuu. Alijisikia ameungwa mkono. Na kabla sufuria za biriani hazijaoshwa, simu zilikuwa zimeshaanza kupigwa. Saint Paul wakajua. Columbus wakajua. Malindi wakajua.

Nasreen peke yake hakumkumbatia. Alikaa pembeni amemkumbatia mwanawe, akauliza, "Rukaya, nani aliyempima?"

"Ah, si unamwona mwenyewe?"

"Nimekuuliza nani aliyempima."

Rukaya akarudi kwenye glasi yake ya maji.

Farhan alikuwa ametoka kumfuata rafiki yake. Alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, karibu na mto, ule mguu mtupu umechanwa na kipande cha chupa. Damu inatiririka. Badawy anatazama magari.

"Badawy! Mguu wako!"

"Una nini?" akauliza, akainama kuuangalia kama mguu wa mtu mwingine.

Farhan alimbeba mgongoni hadi kwenye gari, akampeleka hospitali.

Kesho yake akampigia Rukaya. Hakumsalimia.

"Njoo. Daktari anataka kujua anakula nini nyumbani."

Rukaya alikwenda na maneno yake tayari kichwani. Atadai apimwe. Atadai talaka. Atamwuliza Stacy ni nani.

Alimkuta Badawy kitandani, mguu umefungwa bendeji. Pembeni daktari mmoja mama mtu mzima, anaitwa Halvorson, ameshika ile chupa ya chini ya tairi, Badawy amemtuma Farhan akaichukue.

"Mueleze," Badawy alimwambia daktari bila kumwangalia mkewe. "Nimekuruhusu. Mueleze yote."

"Mumeo hana ukimwi," daktari akasema. "Tumempima kwa sababu yeye mwenyewe ameomba. Hana."

Rukaya alishika ukingo wa kitanda.

"Na hizo dawa?"

"Hii ni dawa ya kuzuia TB. Chuo kilimpima mkononi, wakaona vijidudu vimelala mwilini. Haumwi TB, wala hawezi kumwambukiza mtu. Wamempa dawa ili visiamke. Watu wengi sana wanapewa."

"Sasa kwa nini umenificha?" Rukaya alimgeukia mumewe.

Badawy akatazama dari.

"Kwetu ukisema TB, mtu anasikia nini? Niliogopa utafikiri nina ukimwi."

Rukaya akaachia ukingo wa kitanda.

Daktari akaendelea. "Dawa hii ina tabia moja. Inamaliza vitamini B6 mwilini, na bila hiyo mishipa ya fahamu inaungua, mtu anaanza kupoteza hisia miguuni. Kisha ikikosekana B6, mwili unashindwa kutengeneza vitamini nyingine, B3. Kwa mtu anayekula vizuri huenda isionekane. Kwa anayeishi kwa ugali na chai, ngozi inaharibika kwenye jua, tumbo linaharibika, kumbukumbu inapotea. Ndiyo maana wanaopewa dawa hii hupewa na vidonge vya B6. Kimoja kila siku." Akamgeukia Badawy. "Kwenye rekodi yako naona ulipewa. Ulikuwa unavimeza?"

Rukaya akakumbuka.

Ile chupa ya bafuni.

"Hapana," Badawy akajibu haraka. "Nilikuwa nasahau. Ni kosa langu."

"Ulisahau miezi yote hiyo?"

"Nilisahau, daktari."

Jamani! Yule mtu amelala pale, hahisi vidole vya miguu, jina lake linatembea kwenye simu za mji mzima... na bado anamfunika!

Rukaya angeweza kunyamaza. Ameniambia hivyo mwenyewe. Kwa pumzi kama mbili hivi alifikiria kunyamaza, na anaionea haya ile fikra kuliko hata ile kelele ya Champlin.

"Ni mimi," akasema. "Hivyo vidonge nilivimeza mimi. Kwa ajili ya uso."

Daktari akavua miwani.

"Vingapi?"

"Vitatu. Siku nyingine vinne."

"Kwa siku?"

Rukaya akaitikia kwa kichwa.

"Umewahi kuhisi ganzi? Kuchomwachomwa miguuni?"

Alikuwa amewahi. Jioni, akitoka dukani, nyayo zinamchoma kama zimekanyaga michanga ya moto. Alidhani ni kusimama.

"Sikiliza," daktari akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa. "Ikikosekana, vitamini hii inaumiza mishipa. Ikizidi sana kwa muda mrefu, inaumiza mishipa ile ile. Na kuhusu chunusi, sina ushahidi wa kukupa, wapo hata wanaotokwa na chunusi kwa kuizidisha. Neno vitamini lisikudanganye. Acha leo. Wewe utapona."

"Na yeye?"

"Tumbo litatulia mapema. Ngozi itarudi. Miguu... tusubiri."

Dawa ya TB wakaisimamisha kwanza, wakamwanzishia B6 na B3 kwa kipimo chao. Daktari akatoka.

Wakabaki wawili.

"Badawy," Rukaya akasema huku analia, "nimekuibia dawa na sikujua. Wallahi sikujua kama zina kazi."

"Mimi nilijua unazimeza."

"Ulijua?"

"Tangu mwanzo. Chupa ilikuwa inaisha mbio. Nesi aliponipa alinieleza haraka haraka, mimi nikasikia vitamini, nikaona ni pambo tu, kama zile tamutamu za watoto. Na ningezimeza mbele yako ungeniuliza za nini. Nikakuachia." Akageuza uso ukutani. "Zilipokaribia kwisha nikanunua nyingine kama zile, nikazitia kwenye chupa ile ile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba bafuni, Ruki. Tangu tuje nchi hii sikuwahi kukusikia ukiimba. Ningekwambia najua, ungeona haya."

Wapendwa wasomaji, mimi niliposimuliwa hapa niliomba maji.

Mtu alijaza chupa miezi kadhaa ili mkewe asione haya ya vidonge. Na mkewe akamvua nguo mbele ya watu wote.

Sasa msidhani wakakumbatiana ikaisha! Badawy alipotolewa hospitali hakurudi Coon Rapids. Alikwenda kukaa kwa Farhan na Nasreen.

"Sikuachi," alimwambia mkewe. "Lakini siwezi kukaa na wewe sasa hivi."

Rukaya akampigia mavyaa wake Malindi. Mama yule alikuwa ameshaletewa habari, amelala kitandani, majirani wanakuja kumpa pole kimya kimya.

"Mama, nimemzulia mwanao. Hana ugonjwa ule. Ni mimi niliyesema, na nilikuwa sijui ninachosema."

Yule mama akasema, "Umeniambia mimi. Mimi ni mama yake, ningempenda hata kama angekuwa nao. Nenda ukawaambie waliocheka."

Akakata.

Rukaya akazunguka. Nyumba kwa nyumba, na wa mbali kwa simu. Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Na wengine, hili ndilo lililomuuma, hawakumwamini!

"Haya, shoga, tumesikia," alimwambia mmoja huku anatabasamu upande. "Mke mwema humsitiri mumewe."

Kusema ukimwi waliamini papo hapo, bila karatasi ya daktari. Kusema vitamini, wanataka ushahidi!

Ngozi ya Badawy ilipona. Kichwa kikakaa sawa, akamaliza chuo. Miguu ilirudi polepole, ila vidole vya mguu wa kushoto mpaka leo vina ganzi. Na siku moja majani yameanza kuanguka, alirudi nyumbani na begi lake, akauliza kuna nini cha kula. Rukaya akaenda kupika, machozi yanamdondokea kwenye nazi.

Sasa sikieni hili.

Mwaka 1999, wako kwenye harusi Saint Paul. Rukaya amekaa na wanawake, anakula sambusa. Akaja mgeni mmoja kutoka Seattle, mama mzuri, amejipamba, akamshika mkono kwa huruma ya kweli kabisa.

"Wewe ndiye Rukaya wa Badawy? Pole sana, mdogo wangu. Tulisikia mumeo alitangulia. Ule ugonjwa umetumaliza."

Rukaya akaweka sambusa chini.

Badawy yuko pale ukumbini! Anapita na sinia la wali upande wa wanaume, anacheka na Farhan!

"Hakufa, dada," Rukaya akasema. "Yule pale. Na hakuwa na ugonjwa huo hata siku moja. Kuna mtu alimzushia."

"Astaghfirullah! Nani mwenye roho hiyo?"

Wanawake wa meza nzima wakageuka.

"Mimi," Rukaya akasema. "Mkewe."

Yule mama alimwangalia. Polepole akaurudisha mkono wake mapajani.

Walipokuwa njiani kurudi, Badawy akiwa kwenye usukani, Rukaya akamsimulia. Alidhani atakasirika. Badawy akapunguza mwendo.

"Kwa hiyo Seattle mimi ni marehemu?"

"Badawy, nisamehe."

"Nilishakusamehe." Akawasha indiketa, akaingia barabara ya nyumbani. "Lakini Ruki, umenikumbusha. Tukimaliza kuwapigia wa Seattle, tuna watu wengine wa kuwapigia Toronto."

Wanapiga simu mpaka leo, ndugu zangu. Miaka yote hii! Rukaya akisikia jina la mtu aliyekuwa Minnesota miaka ile, anatafuta namba yake.

Ukiona mtu wako amebadilika mwili, mpeleke kwa daktari kabla hujampeleka midomoni mwa watu. Ukiwa na dawa, mwambie mwenzio ni ya nini. Na kidonge chenye jina la mwenzio si chako, hata kiitwe vitamini. Hata cha kununua mwenyewe, uliza kwanza kiasi.

Nilisema nitawaambia kwa nini wamekubali majina yao yatajwe. Ni kwa sababu simu zimeshindwa kuwafikia wote. Kama wewe ni mmoja wa mlioambiwa kwamba Badawy wa Malindi alikufa na ukimwi Minnesota, jua hakufa, wala hakuwa nao.

Na yule uliyemwambia wewe, mpigie.